Munganga wa watoto wa Kindu atatoka kwetu: tuhesabu miaka

Ndugu zetu wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, na ninyi wote mnaotusoma mkiwa mbali na nyumbani,

Mara hii tunaanza kwa kuomba msamaha. Jumamosi moja tulikuwa salongo kwenye uwanja wa kituo kimoja cha afya hapa mjini. Tulikata majani, tukazibua mitaro yenye maji yaliyolala. Wakati wa kupumzika, dada yetu mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa humanite, akasema: "Miye nataka kuwa munganga wa batoto."

Tulicheka. Mmoja wetu akamwambia: "Utamaliza masomo wakati uko bibi." Mwingine akamuuliza kama baba yake iko na shimo la dhahabu Namoya. Dada hakujibu. Alichukua kupakupa yake, akarudi kwenye majani.

Mbele ya mlango wa kituo kile mama mmoja alikuwa anangoja na mtoto mwenye homa mgongoni. Muuguzi alimpokea vizuri, akampima, kisha akamwambia ampeleke hospitali kubwa, juu damu ya mtoto ilikuwa imepunguka sana. Mama akauliza: "Na kule, munganga wa batoto iko?" Muuguzi akasema: "Enda kwanza."

Sisi ndio tunaokaa chini mbele ya jengo la mkoa na mabango tukidai Leta itume wanganga. Na sisi ndio tuliomcheka wa kwanza kati yetu aliyesema atakuwa mmoja wao. Jumapili iliyofuata tulimwita, tukamwomba msamaha, tukachukua daftari na kuhesabu naye miaka. Hesabu hiyo tunaiweka hapa wazi, juu tunajua kuna wengine Kindu walio na wazo kama lake na wanaogopa kulisema.

Kwa nini watoto

Kuna wenzetu wanaouliza: munganga ni munganga, kwa nini wa watoto peke yao? Tuchukue malaria, ugonjwa ambao hakuna nyumba ya Kindu haiujui. Malaria ikiwa kali, dawa ya sindano ni artesunate. Mtu mwenye kilo 20 au zaidi anapewa miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto asiyefika kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kila kilo. Yaani mdogo anahitaji zaidi kwa kila kilo, kinyume cha vile wengi wetu tungefikiri. Mtoto si mtu mzima aliyefupishwa. Anakauka maji haraka, anapungukiwa damu haraka, na hawezi kukwambia ni wapi panamuuma. Lazima mtu awe amejifunza kumsoma.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013-2014 ulihesabu kwamba kati ya watoto 1000 wanaozaliwa hai katika nchi yetu, 104 wanakufa kabla ya kufikisha miaka 5. Mtu mmoja kwa kila kumi. Hesabu watoto wa avenue yako, utaelewa.

Na msituambie kwamba huku kwetu ndani ya Maniema hakuwezi kufanyika kitu cha maana. Pale Tunda, territoire ya Kibombo, katika hospitali ya mkoa wetu wenyewe, na pale Kole katika Sankuru, kulifanyika kuanzia 2022 utafiti juu ya ugonjwa wa mpox. Wagonjwa 597 waliingia, wengi wao watoto. Ilitakiwa kujua kama dawa inayoitwa tecovirimat inasaidia. Matokeo yalitangazwa 2024: dawa ile haikuponyesha vidonda haraka kuliko kidonge kisicho na dawa. Lakini jambo jingine lilionekana. Kati ya wale wote waliolazwa, waliopata dawa na wasiopata, waliokufa walikuwa asilimia 1.7 tu, chini ya ile iliyozoeleka kwa ugonjwa huo katika nchi yetu. Walikuwa wanalala hospitali, wanakula, wananywa, wanatunzwa, wanaangaliwa kila siku na watu wanaojua kazi. Tunda njo ilitufundisha hivyo: mtu aliyejifunza, akikaa karibu na kitanda cha mgonjwa, anaokoa hata pale dawa mpya imeshindwa.

Hesabu ya miaka

Sasa turudi kwenye daftari la dada yetu.

Njia haianzi iniversite. Inaanza mwisho wa mwaka wa nane, wakati mtoto anachagua seksio. Hapo ndipo wengi wetu tulipotezea njia bila kujua. Tulienda pedagojia au komersiali juu masomo ile yalikuwa karibu na nyumba, au juu rafiki alikuwa huko. Hatusemi ni seksio mbaya. Walimu wetu wanatoka huko. Lakini anayetaka tiba achague Kemia-Biolojia kama anaweza kuipata, na asikimbie hesabu wala fizikia, maana mwaka wa kwanza wa tiba unapepeta watu kwa masomo hayo hayo. Na Kifaransa. Vitabu vya tiba, mitihani ya tiba, ripoti za hospitali, vyote vinapita kwa Kifaransa. Kusoma kwa sauti nusu saa kila jioni hakulipwi minervali.

Halafu Exetat. Usiridhike na kupita tu. Asilimia ulizopata zinakufuata kwenye mlango wa kitivo. Weka bultini zako za miaka ya mwisho mahali pakavu, ndani ya plastiki, mbali na mvua na panya. Diploma yenyewe inaweza kuchelewa miaka. Wengi wanajiandikisha na atestasio. Toa kopi, zipelekwe kuthibitishwa, usimwachie mtu yeyote karatasi ya asili.

Halafu iniversite. Katika mfumo tuliozoea, tiba ni miaka 7: mitatu ya gradua, minne ya udaktari. Mfumo wa LMD umebadilisha majina na mpangilio, kwa hiyo uliza kitivo chenyewe kabla ya kulipa franga moja. Baada ya hapo kuna kiapo na kuandikwa katika Ordre ya wanganga. Bila hiyo hauna haki ya kutibu. Wengi wanafanya kwanza mwaka mmoja au miwili ya kazi kama munganga wa kawaida. Kisha ndipo unaingia kwenye pediatri yenyewe, miaka 4 au 5 mingine, na mara nyingi ni Kinshasa, Lubumbashi au Kisangani, si hapa.

Jumlisha: 7, na 2, na 5. Ni miaka 14. Dada yetu alikuwa amekwisha kuijua hesabu hiyo kabla yetu. Alisema: "Nitakuwa na miaka 32. Hata nisiposoma, nitafika tu 32." Hatukuwa na jibu.

Lakini tulifikiri pia juu ya upande mwingine wa hesabu hiyo. Mtoto anayezaliwa leo Alunguli atakuwa na miaka 14 siku dada yetu anarudi na stetoskopu yake. Huyo hatamkuta akiwa mdogo. Kwa hiyo mtu mmoja hatoshi, na kungoja mmoja amalize ndipo mwingine aanze ni kupoteza watoto wa miaka 14. Kila mwaka mmoja wa Kindu lazima aanze. Na mmoja wa Kasongo, na wa Punia, na wa Lubutu.

Aliyepita mbele yetu

Wote tunamjua Denis Mukwege. Wachache wanajua kwamba naye alianza na watoto, na kwamba njia yake haikunyooka. Alizaliwa Bukavu 1955, baba yake akiwa mchungaji. Akiwa mdogo alimfuata baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, na akaona kwamba baada ya sala hakukuwa na dawa. Hapo akasema atakuwa munganga. Alipata diploma ya Kemia-Biolojia Bukavu mwaka 1974. Hakuingia tiba. Alikaa miaka 2 Kinshasa katika politekniki, masomo ya wainjinia. Mwaka 1976 ndipo alipopata nafasi ya tiba, nchini Burundi. Alimaliza 1983, akaenda kufanya kazi hospitali ya Lemera, kijijini, akitibu watoto. Pale aliona wanawake wanakufa kwa kuzaa, akabadili mawazo, akaenda Ufaransa, mji wa Angers, kujifunza magonjwa ya wanawake. Alirudi Lemera 1989. Nobel ilikuja 2018.

Toka diploma hadi kurudi Lemera kama munganga maalumu: miaka 15. Na ndani ya miaka hiyo kuna 2 ambayo jirani angeweza kusema imepotea. Tunawaambia hivi wale waliopeleka dosie kwenye tiba mwaka jana wakakataliwa, na sasa wanaona haya kupita mbele ya masomo yao ya zamani. Mlango wa kwanza ukifungwa, andika tena.

Kubaki au kuondoka

Kindu tuko na UNIKI, na ina kitivo cha tiba. Faida yake tunaijua: unalala kwa mama, unakula kwa mama, na unafanya staji ukiona magonjwa ya watu wako. Shida ya iniversite nyingi za mikoa tunaijua pia: maprofesa wanatoka mbali, somo linangoja ndege, na mwaka wa masomo unajivuta. Kuondoka kuna shida zake. Kwenda Kisangani ni mashua mpaka Ubundu, kisha kilometa 125 za nchi kavu juu mto una maporomoko. Kwenda Lubumbashi kwa treni ni safari ambayo hakuna anayethubutu kutaja siku ya kufika. Bukavu na Goma, ambako wakubwa wetu walienda kusoma, ziliingiliwa na M23 mwanzo wa 2025; ni mzazi gani leo anamtuma mtoto huko akalala usingizi?

Hatuna jibu moja kwa wote. Tunasema: kabla ya kuchagua, uliza mambo manne. Je, iniversite iko na ruhusa ya Wizara kwa tiba yenyewe, si kwa droo peke yake? Wanafunzi wanafanya staji hospitali gani, na wanagusa wagonjwa kweli au wanaandika tu? Waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi leo? Na malipo yote ya mwaka ni ngapi, pamoja na yale ambayo hayajaandikwa ukutani? Swali la mwisho muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili, usimuulize mwenye ofisi.

Na kuna mlango mwingine ambao tunaudharau bure. Katika vituo vya afya vya mkoa wetu, anayempokea mtoto saa nane za usiku ni muuguzi. Kituo kizima kinaongozwa na muuguzi. Kuna masomo ya uuguzi tangu sekondari katika ITM, na baada ya diploma kuna ISTM. Muuguzi aliyejifunza vizuri kutunza watoto, katika miaka michache, anaweza kuokoa maisha kabla mwenzake wa tiba hajamaliza gradua. Kama nyumbani hakuna pesa ya miaka 14, hiyo si njia ya walioshindwa. Ni njia.

Kwa wasichana tunaongeza neno moja. Kila mwaka wa hiyo 14 mtu atakuja kuuliza juu ya ndoa. Mjomba atasema, shangazi atasema, hata sisi wenzako tutasema, juu tumelelewa hivyo. Kuolewa si dhambi na kusoma si dhambi. Lakini ukubaliane na nyumba yako mapema, mbele ya watu, kwamba masomo yanaendelea. Neno lililosemwa mbele ya mashahidi ni vigumu kulimeza.

Pesa iko

Sasa wakubwa wetu wa mkoa, tunawageukia ninyi.

Mtatuambia bursa ni kitu kizuri lakini pesa hakuna. Tusome sheria pamoja. Kodi ya mgodi ile makampuni yanalipa kwa madini, kufuatana na sheria ya madini iliyorekebishwa 2018, inagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa mkoa, 15 kwa utawala wa pahali madini yanapotoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Maniema ina dhahabu na kasiterite, Kabambare, Pangi, Punia. Zile 25 na zile 15 zinaingia wapi, na zinatoka wapi? Hatumshtaki mtu. Tunaomba kuona karatasi.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 47, inalinda haki ya afya. Kifungu cha 43 kinasema masomo ya msingi ni bure, na ilichukua mpaka 2019 kuanza kulitekeleza. Miaka 13. Hatutaki kungoja miaka 13 mingine kwa kifungu cha 47.

Kwa hiyo tunadai:

1. Bajeti ya mkoa iwe na mstari wake wa bursa za tiba na uuguzi, wenye jina na tarakimu, na orodha ya wanaopewa ibandikwe mbele ya jengo la mkoa kila mwaka: jina, masomo, alama. Isiwe bursa ya watoto wa ofisi.

2. Anayesomeshwa na mkoa asaini mkataba wa kurudi kufanya kazi Maniema kwa miaka inayojulikana. Na mkoa nao usaini: nyumba, vifaa na malipo. Mkataba una pande mbili.

3. Kila territoire kati ya 7 iwe na angalau masomo moja ya Kemia-Biolojia yenye chumba cha majaribio, mikroskopu inayofanya kazi, na mwalimu wa kemia aliyesomea kemia.

4. Wizara iwaingize wanganga na wauguzi walio kazini kwenye orodha ya mishahara. Kuna watu wanatibu miaka bila namba ya matrikule. Kama munganga aliyemaliza analipwa kwa kuku na ahsante, dada yetu atamwamini nani anapoambiwa asome?

5. Mkoa utume wanganga walio tayari Maniema kujifunza pediatri, kuanzia sasa, wakati hawa wadogo wanasoma. Hii ndiyo njia fupi kuliko zote, na haihitaji miaka 14.

Na sisi tunatoa nini

Harakati inayodai tu bila kuweka mkono inachosha watu. Tulijadiliana, tukakubaliana hivi.

Kila Jumamosi baada ya salongo, saa nane za mchana, wenzetu wanaosoma iniversite watafundisha bure kemia, fizikia, hesabu na Kifaransa kwa wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho. Anayekuja aje na daftari, kiti tutatafuta. Wa Alunguli watapangiwa siku ya ng'ambo yao, ili mtu asilipe mtumbwi kila wiki juu ya somo la fizikia.

Tutakuwa na faili moja ya karatasi: masharti ya kila kitivo, tarehe za kujiandikisha, malipo, majina ya vyeti vinavyohitajika. Wale mlio Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, tutumieni yale mnayoyaona kwa macho, si yale mliyosikia. Mwanafunzi wa Kindu asisafiri wiki mbili ili kuambiwa kwamba mlango ulifungwa jana.

Tutakwenda kwenye nyumba za wazazi tukiitwa. Mama wa dada yetu anauza mchele sokoni. Alituuliza swali moja tu: "Mwaka wa tatu pesa ikikatika, mutakuwa wapi?" Hatukumdanganya. Tulimwambia hatuna pesa ya kumsomesha mwanawe, lakini tuko na miguu ya kwenda kwa gavana na kwa wabunge wa mkoa, na tutakwenda nao, yeye akiwa mbele kama anataka. Akasema atafikiri.

Na kicheko tumekipiga marufuku. Mtu akisema mbele yetu kwamba anataka kuwa munganga, injinia au hakimu, swali letu la kwanza litakuwa: uko mwaka gani, na unahitaji kitabu gani?

Dada yetu anangoja Exetat. Dosie yake ya UNIKI iko tayari ndani ya plastiki, na nyingine ya Kisangani kama ya kwanza itakataliwa. Mtoto yule wa mgongoni, tuliuliza habari zake. Aliongezewa damu, akarudi nyumbani na mama yake.

Jumamosi, saa nane. Mlete na wadogo zenu.

Sisi vijana raia wa Kindu